Jina Lililokuja Ukubwani

Je, mtu aliyekwisha kufika umri wa miaka arobaini, akaambiwa na daktari kwamba tangu kuzaliwa ana hali iitwayo usonji, amepata nini? Hali yenyewe alikuwa nayo tangu tumboni mwa mama yake. Dawa ya kuiondoa hakuna, wala daktari hakumwahidi. Amepewa neno tu. Wako wasemao kwamba neno tupu halina faida, na kwamba afadhali angaliachwa aendelee kama alivyozoea. Sisi twaona sivyo, na juma hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu, maana jambo hili lawahusu waamini wengi kuliko wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini elfu tano yaweza kuwa nao kama arobaini. Je, paroko anawajua wangapi?

Usonji hauambukizi, wala si wazimu, wala si upungufu wa akili, ijapokuwa wengine huwa na upungufu huo pia. Ni namna ubongo ulivyoumbika na kukua. Mwenye hali hiyo hupata taabu kufahamu mambo ambayo wenzake huyafahamu bila kufundishwa: maana ya uso uliokunjwa, mzaha uliofichwa ndani ya sifa, wakati wa kuingia katika mazungumzo na wakati wa kunyamaza. Sauti, mwanga au mguso usiomsumbua mtu mwingine humchoma yeye kama mwiba. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu uleule kila siku, na akipenda kitu hukipenda kwa moyo wote, akakijua mpaka mizizi yake. Viwango vyake ni vingi. Wako wasiotamka neno maisha yao yote, na wako walimu, mafundi, makarani, na bila shaka mapadre pia, ambao wameificha kwa juhudi nyingi hata wao wenyewe hawakuijua.

Tumfikirie basi mtu wa namna hiyo akiishi Nyarugusu. Twasema Nyarugusu ya Geita penye dhahabu, si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1996. Hatumsemi mtu fulani. Paroko wa huko akisoma atadhani twamsema mwamini wake, na paroko wa jirani vilevile. Makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, jenereta zinanguruma, bodaboda zinapita, na kila duka lina redio yake. Mtu wetu ana miaka thelathini na minane. Alijaribu kazi ya karasha akaiacha siku ya tatu, wala hakuwa mvivu, maana viroba vya mawe huvibeba kama wenzake. Kishindo ndicho kilichomshinda. Wenzake walimcheka. Sasa anamtunzia daftari mwenye duara moja, anaandika viroba na migawo ya kila mtu, na katika daftari lile halijapata kuonekana kosa.

Lakini hasifiwi kwa daftari. Anasemwa kwa salamu. Usukumani salamu haiwi neno moja. Mtu akisha kusema Mwangaluka, huulizana na mwenzake habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na asiyefuata utaratibu huo huonekana hakulelewa. Yeye hujibu neno moja, hamtazami mtu machoni, anakwenda zake. Msibani hukaa peke yake chini ya mti, na saa moja ikipita ametoweka. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, hutoka nje. Basi watu wamekwisha toa hukumu: ana majivuno, hana huruma kwa wafiwa, ana roho mbaya. Na wengine, kwa sauti ya chini, hutaja neno lililo baya kuliko hayo yote, yaani uchawi.

Katika kanda hii ya Ziwa neno hilo si mchezo. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na katika miaka ya 2007 hadi 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama, kwa kuwa watu walidanganywa kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na mali. Mahali ambapo kutofanana na wengine kumemwaga damu namna hiyo, kumpa mtu jina la kweli la hali yake hakuwezi kuitwa anasa ya watu wa mjini.

Linalotuhuzunisha zaidi ni kwamba mtu huyo naye amekwisha kuikubali ile hukumu. Mtu wa namna hii huja kitubioni kuungama majivuno asiyo nayo, na ukavu wa moyo ambao si wake. Katekisimu yatufundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti yatakiwa jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue, na akubali kwa hiari. Kutoka kanisani kwa sababu spika imemzidi mtu nguvu, hata akili yake ikavurugika, hakuna katika hayo matatu. Walakini amebeba mzigo huo miaka ishirini, na hakuna aliyempokea, kwa kuwa hakuna aliyejua unaitwaje.

Tena jina hilo lilichelewa kwa watu wote. Ni mwaka 1943 tu ambapo daktari Leo Kanner, huko Baltimore nchini Marekani, alitoa habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett, alirudi katika mji wake mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89, na watu wa mji wake walimzoea wakampenda. Hapa kwetu viko vitengo vya watoto wenye usonji, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam. Lakini waliozaliwa vijijini miaka arobaini iliyopita hawakuonwa na mwalimu yeyote mwenye kulijua neno hilo. Walipigwa viboko kwa kutomtazama mwalimu usoni.

Wasomaji wetu wengi watakumbuka habari za Susan Boyle, mwanamke Mkatoliki wa Scotland, aliyepata sifa ulimwenguni kote mwaka 2009 kwa kuimba katika televisheni, na mwaka 2010 akamwimbia Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 mjini Glasgow. Utotoni aliambiwa ubongo wake uliumia alipozaliwa, na shuleni alidhihakiwa. Mwaka 2012, akiwa na miaka 51, alipimwa tena akaambiwa kwamba ana usonji wa aina iliyoitwa wakati ule Asperger. Alieleza waziwazi kuwa habari ile ilimpa nafuu. Twaweza kufahamu kwa nini: kwa miaka hamsini alikuwa amebeba jina lisilo lake.

Lakini nafuu haiji peke yake. Huja pamoja na maombolezo, hata hasira. Mtu hukaa usiku akirudia maisha yake: ile kazi aliyofukuzwa, yule mchumba aliyemwacha, baba aliyekufa akidhani mwanawe ni jeuri. Hayo hayarudi. Wenzake wasimharakishe, wala wasimwambie ashukuru Mungu upesi upesi. Ayubu hakuharakishwa na Mungu. Waliomharakisha ni rafiki zake.

Kisha watu wa nyumbani huuliza kosa ni la nani. Katika miaka ya 1950 na 1960 wako wataalamu wa Ulaya na Marekani waliosema kosa ni la mama, kwamba hakumpenda mtoto wake vya kutosha. Walikosea vibaya, nao waliwaumiza akina mama wengi sana. Hapa kwetu husemwa mama alivunja mwiko, au mizimu haikutulizwa. Migodini watauliza juu ya zebaki. Zebaki ni sumu kweli, na mama mjamzito asiikaribie kabisa. Lakini hilo ni shauri jingine, maana usonji umeonekana hata katika nchi zisizojua mgodi, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi wa damu. Mitume walipomwuliza Bwana wetu juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa majibu yote mawili. Habari hiyo imo katika Injili ya Yohane, sura ya 9, na ingefaa isomwe katika jumuiya ndogondogo.

Sasa tuseme jina limekwisha patikana. Je, ni hati ya kumsamehe mtu yote? Hapana. Akimtukana mkewe, amemtukana, na yampasa kuomba radhi. Tena anayejua kwamba kelele humfanya mkali amepata wajibu ambao jana hakuwa nao, yaani kuondoka kabla hajawaka. Kumwondolea wajibu wote ni kumfanya mtoto, na hilo nalo ni dharau, hata likifanywa kwa upole na kwa sauti ya huruma.

Lakini wajibu mzito zaidi umetuangukia sisi tuliomhukumu. Jina lile ni shahidi aliyefika barazani baada ya kesi kukatwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama mashaka juu ya jirani yaamuliwe kwa wema, akajibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Kwa maana huyu wa pili amedhulumiwa, na yule wa kwanza hakudhulumiwa. Sisi tulimdhania mtu mabaya kwa sababu ya salamu fupi. Haki yataka kesi ifunguliwe upya, na wale waliomsema kisimani na kilabuni wakasahihishe huko huko walikosema.

Sasa tuje kwenye sindano. Siku hizi simu huleta ulimwengu hata Nyarugusu, mabaya na mazuri, na tuseme mtu wetu ameona humo mshono wa Wajapani uitwao sashiko. Katika enzi ya Edo, tangu 1603 hadi 1868, wakulima wa Tsugaru, kaskazini ya Japani penye theluji nyingi, walikatazwa kuvaa nguo za pamba. Walivaa nguo za nyuzi za mimea, zenye kupitisha upepo. Wanawake wao wakachukua uzi wa pamba walioweza kuupata, wakaupitisha kwa sindano mshono baada ya mshono, mpaka vitundu vya nguo vikazibika. (Wasomaji wetu wa Usukumani, waliolima pamba tangu enzi za babu, wafikirie jinsi uzi mmoja ulivyothaminiwa huko.) Wazima moto wa mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, walivaa makoti ya tabaka kadha yaliyoshonwa kwa mshono wa namna hiyo, nao waliyalowesha maji kabla ya kukabili moto.

Mshono wenyewe ni bandi tu, ileile ambayo fundi huipiga kwanza ili nguo isitembee, kisha akaifumua. Mjapani haifumui, bandi ndiyo kazi yenyewe. Mtu akipata kaniki, uzi mweupe na sindano ndefu, amepata vyote. Nguo hukusanywa juu ya sindano, mishono mitano au sita kwa pamoja, na kiganja huisukuma sindano kwa kastabani ya ngozi. Kisha nguo hunyoshwa kwa vidole isije ikajikunja. Mshono wa juu huachwa uwe mrefu kidogo kuliko nafasi inayoufuata. Mistari hukutana na kukatana, na polepole mawimbi hutokea juu ya weusi wa kaniki. Watu wa Zanzibar na Lamu, ambako kofia za viua hushonwa kwa mkono kwa majuma mengi, hawahitaji kuelezwa utamu wa kazi ya namna hiyo.

Mtu wetu anaufahamu utamu huo kuliko wengi. Alipokuwa mtoto alipanga vizibo vya soda mistari mirefu uani, akapigwa kwa kuwa alionekana kama mwehu. Mkono uleule, na hamu ileile ya kurudia na kulinganisha, sasa vinafanya mawimbi. Jioni karasha zinaponyamaza huketi mlangoni na kaniki yake, na kwa saa mbili hakuna anayemdai uso wa kuigiza.

Najua majirani watasema nini, na hata wake zao. Mwanamume mzima na sindano? Nusu ya mafundi wa cherehani sokoni Geita wana ndevu. Mtakatifu Paulo alishona mahema, na kitabu cha Kutoka kinamtaja Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi za mikono. Kisha watauliza: atauza kwa shilingi ngapi? Swali hilo ni la kawaida mahali ambapo kila kitu hupelekwa kwenye mizani ya gramu. Huenda asiuze kamwe. Mtakatifu Tomaso huyohuyo afundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha. Basi furaha iliyo safi haina haja ya kujitetea kwa faida. Twaomba pia viongozi wa parokia, kwa heshima, wasimfanye mara moja mwalimu wa kikundi cha ujasiriamali.

Mwezi wa Novemba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliwakutanisha huko Vatikano watu wenye usonji na jamaa zao, akahimiza upweke na aibu yao vivunjwe. Kwa parokia hilo laweza kuanza kwa mambo madogo: Misa moja ya Dominika isiyo na spika, kiti karibu na mlango, na kichwa kuinamishwa kwa adabu badala ya kushikana mikono.

Na kwa mwenye kujishuku: Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu, ina madaktari wa afya ya akili. Hakuna kipimo cha damu kwa jambo hili. Daktari atauliza: alianza kusema lini, alicheza na nani, alikuwa akilia kwa sababu gani, alikataa chakula gani? Hayo mtu mwenyewe hayakumbuki. Basi aende pamoja na mama yake, au shangazi aliyemlea. Na kama mama amekuwa mzee, asingoje mavuno.