NAFSI YA MWENYE DUKA NAYO INA HAKI

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu ameuliza mmoja wa wenzetu suala ambalo twaona lawahusu wengi, kwani miji yetu ya pwani ni miji ya wachuuzi tangu zamani. Yeye ana duka dogo mtaani. Hulifungua mara baada ya sala ya Alfajiri kwa ajili ya watakao mkate na maziwa, na hulifunga saa 4 za usiku. Hana siku ya mapumziko. Hata Idi hufungua nusu ya mlango. Sasa asema kuwa nguvu zimemwishia, usingizi umempotea, wanunuzi huwajibu kwa ukali, na asimamapo kusali huhesabu madeni badala ya rakaa. Jamaa zake wamemwambia kuwa hiyo ni hasadi ya jirani, basi aende akapigiwe ramli. Naye atuuliza: je, ni kweli?

Jibu letu ni hili. Jicho la hasidi hatulikanushi, kwani Mtume (S.A.W.) amelithibitisha. Lakini kumwendea mpiga ramli ni haramu, na ujira wake ni hasara juu ya hasara. Tena kabla ya kumtafuta hasidi, natupige hesabu. Kutoka saa 11 na nusu za alfajiri hadi saa 4 za usiku ni saa 16 na nusu. Kwa siku 7 zapata saa 115 na nusu, ilhali juma zima lina saa 168. Katika zilizobaki, ambazo hazifiki 8 kwa siku, atakiwa alale, ale, aoge, asikize haja za mkewe na awalee wanawe. Mtu huyu hakurogwa na yeyote, amejidhulumu mwenyewe.

Na hali hii yajulikana kwa wataalamu. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, limeitaja kuwa si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na mashaka ya kazi yaliyodumu bila ya kutatuliwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi hata kuichukia, na kupungua uwezo wa kuifanya vyema. Atazame muulizaji kama hayakosi hata moja katika hayo.

Asije mtu akafahamu kuwa twawaita Waislamu waache kazi wakakae barazani. Hasha! Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, ndugu yake Saad bin Rabii (R.A.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake, yeye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Kuchuma kwa halali ni heshima, na mwenye kulisha watu wake ana thawabu. Tunalolikataa ni kuvuka mpaka.

Na mpaka huo twaujua kwa kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.), alichokipokea Imamu Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu wawili hawa. Salman alipokwenda kumzuru nduguye, alimkuta mkewe yu katika mavazi duni, naye akamweleza kuwa Abu Dardai hana haja na dunia. Mwenyeji alipoleta chakula akasema kuwa yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale pamoja. Usiku Abu Dardai akataka kusimama kusali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamrudisha tena. Ulipofika mwisho wa usiku ndipo akamwamsha, wakasali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akasema kuwa Salman amesema kweli.

Natuzingatie, ndugu zetu. Abu Dardai hakuchoka kwa ajili ya unga na sukari. Alichoka kwa saumu na sala za usiku. Ikiwa ibada ya sunna yenyewe imewekewa kiasi, ili mwili usionewe na mke asisahauliwe, sisi tutapata wapi ruhusa ya kuiua miili yetu na kuzisahau nyumba zetu kwa faida ya shilingi chache za usiku? Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Naba kuwa usingizi ni mapumziko na mchana ni wa maisha. Na katika Sura ya Jumua ametuamrisha tuache biashara tuitwapo kwenye sala ya Ijumaa, kisha iishapo tutawanyike tukatafute fadhila zake. Basi kufunga duka kuna wakati wake, kama kufungua kulivyo na wakati wake.

Twajua atakalojibu muulizaji: akifunga mapema, mnunuzi atakwenda kwa jirani, na kodi na karo za watoto hazingoji. Neno hili si la upuuzi, wala hatumwambii afunge kesho bila ya kufikiri. Kwanza, aandike kwa mwezi mmoja mauzo ya saa mbili za mwisho, atoe gharama ya taa na makosa ya chenji yaletwayo na uchovu, ndipo ajue kama saa hizo zamlipa au zamla. Pili, madeni ayatie kitabuni, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Baqara, aya ya 282. Deni lililoandikwa hulala kitabuni; lisiloandikwa hukesha kichwani mwa mwenyewe. Tatu, amtafute kijana mwaminifu wa kushika zamu, kwa ujira uliotajwa na kulipwa kwa wakati. Nne, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, duka laweza kumfuata mtu mpaka kitandani. Basi simu ya biashara ailaze pamoja na duka. Na akiona usingizi haurudi hata baada ya haya, amwendee daktari, wala si mganga.

Lakini lawama si yake peke yake. Sisi wanunuzi ndio tugongao mlango wake usiku kwa kiberiti kimoja, na ndio tukopao tukampita njia ya pili ili asituone. Tajiri akichelewesha deni hali anacho, huo ni udhalimu. Na mwenye duka huufidia udhalimu wetu kwa usingizi wake. Basi tumlipe haki yake, na tumwache alale.

Ndugu yetu, wanao hawatakumbuka ni magunia mangapi uliyouza. Watakumbuka kama walikuwa na baba alipokuwa hai. Anza na usiku wa leo: funga mlango, sali Isha na jamaa, kisha ule na watu wako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie chumo letu la halali, na atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.