Malimwengu

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii husemwa kwa kutisha, na kitisho chake kimo katika neno la mwisho. Ulimwengu ni mwalimu asiye na huruma, na ada yake hulipwa kwa ngozi ya mwanafunzi. Tena ulimwengu huo ni mmoja. Kiswahili kinalo neno malimwengu, lakini neno hilo halihesabu dunia mbili wala tatu. Lataja mikasa na mageuko ya dunia hii hii moja, yanayomfika mtu apende asipende. Wahenga hawakuona haja ya wingi mwingine.

Wingi huo sasa umepatikana. Katika akili mnemba (jina ambalo mtu wa Matemwe hawezi kulisikia bila ya kukumbuka kisiwa kilicho mbele ya pwani yake) limo tawi la elimu linaloweza kuitwa ujifunzaji kwa tuzo. Mashine haielezwi namna ya kutenda, huachwa itende. Ikifanikiwa hupewa alama, ikishindwa hupunguziwa, na kidogo kidogo huelemea kwenye vitendo vilivyoiletea alama nyingi. Njia hii hudai majaribio mengi mno, na dunia ya kweli haina subira ya kuyavumilia. Kwa hiyo wataalamu huunda dunia za mwigo ndani ya kompyuta, zenye uzito, msuguano na vizingiti vinavyofanana na vya kweli, kisha huziendesha nyingi kwa wakati mmoja, bega kwa bega, na yote yanayopatikana humo hulisha akili moja.

Haraka si sababu pekee ya kuzizidisha dunia hizo. Mashine inayojifunza katika maisha mamoja hupotoshwa na maisha hayo: tukio la sasa hufanana mno na lililolitangulia, na mwanafunzi hudhani kwamba pale alipo ndipo dunia yote ilipo. Mwaka 2016 Volodymyr Mnih na wenzake wa kampuni ya DeepMind walionyesha kwamba wanafunzi wengi wakiwekwa katika nakala mbalimbali za mchezo mmoja, kila mmoja akiwa penginepo, na wote wakichangia akili moja, upotofu huo hupungua. Hapana shaka kila aliyezoea kukaa barazani analifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Msimulizi mmoja hurithisha na kasoro zake, baraza huzichekecha.

Mwaka 2021 Nikita Rudin na wenzake, wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich na kampuni ya NVIDIA, walieleza jinsi roboti ya miguu minne iitwayo ANYmal ilivyofunzwa kutembea katika dunia za mwigo. Roboti za mwigo zaidi ya elfu nne ziliendeshwa pamoja ndani ya kadi moja ya michoro, kifaa cha jamii ile ile iliyobuniwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mwendo wa ardhi tambarare ulipatikana kwa muda usiofika dakika 4. Wa mawe, miteremko na ngazi, kwa dakika 20. Iliyofuzu njia yake ilipelekwa kwenye njia ngumu zaidi, iliyoshindwa ikarudishwa kwenye nyepesi. Iliyoanguka ilisimamishwa upya papo hapo, bila ya kuumia wala kuona haya. Kilichopatikana humo kikahamishiwa kwenye roboti ya chuma, nayo ikapanda ngazi za kweli.

Si haki kulidharau jambo hili. Iwapo pana kuanguka mara elfu kabla ya kusimama, basi ni heri maanguko hayo yatokee pasipo na mtoto wa kukanyagwa. Hata binadamu wamependa njia hiyo tangu zamani: Mmarekani Edwin Link alitengeneza mwaka 1929 sanduku la kumfunzia rubani, ambamo rubani aliweza kuikosea mbingu akiwa chini, na tangu hapo marubani wengi wamezipata ajali zao za kwanza wakiwa wamekaa juu ya sakafu. Lakini rubani huingia sandukuni na mwili wake. Ana watu nyumbani wanaomngoja, na hofu aliyokuja nayo kutoka nje hukaa naye ndani, ikimkumbusha kwamba sindano inayotikisika mbele yake ni mfano wa kitu fulani. Mashine haina kilichotangulia. Dunia ya mwigo si mfano wa chochote kwake, ndiyo dunia.

Hapa ndipo penye swali. Hesabu inayomwongoza mwanafunzi wa namna hii, kwa kawaida, ni wastani. Kila baada ya duru matokeo ya dunia zote hukusanywa, na akili hurekebishwa ili wastani wa tuzo upande. Ndani ya wastani huo, dunia moja iliyoangamia ni tone. Maelfu ya nyingine zilizofika salama humfidia aliyetumbukia, na mwenendo utakaosifiwa kuwa bora waweza kuwa ule unaopoteza dunia moja katika kila elfu kwa kuwa nyingine zote unazifikisha upesi zaidi. Kwa mwanafunzi aliyemo katika zote, biashara hiyo ni halali na ina faida. Hakuna dunia hata moja kati ya hizo ambayo ni yake peke yake.

Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa kwa nini biashara hiyo haivuki bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Meli ilikuwa imesafiri safari nyingi na kufika. Mwenye kupiga hesabu ya safari zote kwa pamoja angeliona wastani mwema, na usiku ule angeuona kama tone. Aliyekuwa majini hakuwa na safari nyingine za kumfidia ile. Kwake haikuwa moja katika nyingi, na mamaye aliyekuwa Wete akingoja hakuwa na Pemba nyingine ambamo mwana alifika asubuhi.

Wapo wataalamu wanaolijua hili, nao wamebuni hesabu nyingine, inayomwamuru mwanafunzi asiangalie dunia zote kwa jicho moja, ila azitazame hasa zile zilizokwenda vibaya kabisa, mathalani sehemu moja katika ishirini zilizo mbovu kupita zote. Ni hatua njema. Ila kipimo hicho, moja katika ishirini au moja katika elfu, hakitoki ndani ya mashine. Kinachaguliwa na mtu, mezani, mara nyingi kwa kuangalia muda na gharama, na kikishaandikwa huonekana kama jambo la hisabati tupu. Kwa hakika ni hukumu: hadi wapi mtu asiyejulikana aweza kupotea ili wengine wapate wepesi. Hukumu za namna hiyo zilipokuwa zikitolewa na kadhi au liwali zilikuwa na jina la aliyezitoa.

Vivyo hivyo kwa tuzo yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya OpenAI walisimulia kisa cha mashua ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners. Mashua ilitakiwa ishindane na wenziwe hadi mwisho wa njia, lakini alama zilitolewa kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Ikagundua kidimbwi chenye shabaha tatu zinazochipuka upya kila zikigongwa, ikawa inazunguka papo hapo, inashika moto, inaparamia mashua nyingine, inakwenda kinyumenyume, na alama zake zikapita za wachezaji binadamu kwa takriban asilimia 20. Mashabiki wa mashindano ya ngalawa watacheka, na wana haki. Lakini mashua haikukaidi amri. Aliyeandika tuzo hakuandika kwamba moto ni hasara, na katika dunia ile hapakuwa na kingine cha kuifundisha hivyo, maana hata kuungua kulikuwa bure.

Neno jaribu limezaa katika Kiswahili ndugu wawili wasiolingana. Majaribio hufanywa na mtu, kwa hiari yake, naye ndiye aamuaye lini yaanze na lini yaishe. Majaribu humshukia mtu, na mwisho wake hauko mkononi mwake. Mashine iliyolelewa katika dunia elfu nne imekusanya majaribio kuliko umri wa binadamu yeyote. OpenAI hiyo hiyo ilieleza mwaka 2018 kwamba programu yake ya kucheza Dota 2 ilikuwa ikijichezesha yenyewe kiasi cha miaka 180 katika kila siku moja. Jaribu hata moja halikuipata. Siku itakapotolewa nje kuendesha gari au kumshika mgonjwa, majaribu yatakuwa ya huyo aliye barabarani au kitandani, na huyo hakuulizwa.

Lipo jaribio jingine, la polepole, ambalo sasa halitajwi sana. Mwaka 2016 watafiti wa Google, Sergey Levine na wenzake, walipanga mikono ya roboti, mwishoni ikafika 14, kila mmoja mbele ya sanduku la vitu vya ofisini na nyumbani, ikawa inajifunza kushika. Nayo ilifanya kazi sambamba na kuchangia akili moja, ila ilikuwa mikono ya chuma katika dunia hii. Ilichukua miezi miwili, na majaribio 800,000. Mwanzoni ilikuwa ya muundo mmoja. Kadiri kazi ilivyoendelea vidole vyake vikalika, wa huyu zaidi ya wa yule, na akili ile moja ikalazimika kujifunza kushika kwa vidole vilivyochakaa kila kimoja kwa namna yake.