Kumtafutia Mwenzi Dawa

Ndoa ni ahadi ya watu wawili kuchukuliana mizigo. Siku ya arusi mizigo hiyo haijulikani. Wengine huandikiwa umaskini, wengine safari ndefu, wengine maradhi. Katika mizigo yote hakuna unaopima pendo kama maradhi yasiyo na dawa ya hakika. Maradhi yenye dawa hudai nauli na fedha. Maradhi yasiyo na dawa hudai akili, subira na ukweli. Basi mwenzi wa mgonjwa anadaiwa nini? Je, imempasa kuifuata kila dawa itajwayo mpaka mali imwishie? Au upo mpaka ambao mtu aweza kusimama hapo, na bado akaitwa mwenye pendo?

Msomaji kijana, usidhani kuwa swali hili ni la wazee peke yao. Huenda leo u mtoto wa nyumba yenye mgonjwa. Kesho utakuwa mume au mke. Jambo zito ni heri kulifikiri mapema, moyo ukiwa mtulivu, kuliko kulifikiri siku ya msiba, macho yakiwa yamejaa machozi.

Ili swali lisielee hewani, na tulipe mahali pa kukaa. Mfikirie mume mmoja wa Embulbul, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Karen kwenda Ngong, katika kaunti ya Kajiado. Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini nyumba kama yake zipo. Zamani mkewe alikuwa akishuka sokoni na kurudi na kikapu kilichojaa bila kupumzika. Sasa hupumzika mara tatu kabla ya kuufikia mlango wake. Kope zake zimelegea, masikio yamekuwa mazito, na miguu huchoka asubuhi kama iliyotembea usiku kucha. Jirani mmoja amesema ni uvivu. Mwingine amesema karogwa. Baada ya kuzungushwa huku na huku kwa muda mrefu, daktari bingwa wa Nairobi amewaambia kuwa ni ugonjwa wa mitokondria.

Ugonjwa huu ni kitu gani? Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Ndani ya karibu kila seli mna vitu vidogo zaidi, pengine mamia, viitwavyo mitokondria. Kazi yake ni kugeuza chakula tulacho na hewa tuvutayo kuwa nguvu. Twaweza kusema kuwa mitokondria ni meko ya seli. Meko yakiwa mabovu, wingi wa kuni haufai kitu: mtu hula akashiba, na bado seli zake zina njaa. Viungo vitumiavyo nguvu nyingi, kama vile ubongo, moyo, misuli, macho na masikio, ndivyo viumiavyo zaidi. Daktari Rolf Luft na wenzake, katika nchi ya Sweden, walimweleza mgonjwa wa kwanza wa namna hii mwaka 1962. Mwaka 1988 ndipo wataalamu walipoonyesha kwa wagonjwa makosa katika DNA ya mitokondria yenyewe. Yakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 5,000 hivi anao ugonjwa wa jamii hii. Basi maradhi haya ni machanga katika elimu, ingawa ni mazee katika miili.

Hapa pana hatari ya kwanza, nayo si ya mwili. Mitokondria zina urithi wake wa pekee, jeni 37 tu, na urithi huo mtoto huupata kwa mama. Habari hii ikifika katika masikio ya ndugu wa mume wasio na huruma, yaweza kugeuzwa kuwa mashtaka: yule mwanamke ndiye aliyeleta ugonjwa katika ukoo wetu, naye atawaambukiza watoto. Mashtaka haya ni ya ujinga na ya udhalimu pia. Ni ya ujinga kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vijengavyo mitokondria huamriwa na jeni nyingine, zile tuzipatazo kwa baba na mama wote wawili. Kwa hiyo ugonjwa waweza kutoka upande wowote. Ni ya udhalimu kwa sababu hakuna mtu achaguaye urithi wake. Aliyerithi hakuiba, na aliyerithisha bila kujua hakudhulumu. Basi deni la kwanza la mume yule wa Embulbul halihitaji hata senti moja: ni kusimama kati ya mkewe na ndimi za watu.

Deni la pili ni kutafuta. Mtu akaaye kitako na kusema kuwa yote ni majaliwa, hali hajauliza hata swali moja, hajatimiza wajibu wake. Walakini kutafuta kuna njia mbili: ya mtu mwenye macho, na ya mtu aliyefumba macho. Mume yule akianza kuuliza, ataambiwa habari za virutubisho vya ziada: vidonge vya koenzaimu Q10, kanitini, vitamini B2 na vingine vingi. Ataviona katika maduka ya dawa, na watu watamletea makopo mpaka mlangoni, kila mmoja akiapa kuwa lake ndilo liponyalo. Je, anunue?

Ili kujibu, tutoke Ngong kidogo twende baharini. Mwaka 1747 daktari James Lind alikuwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury. Mabaharia walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kuoza ufizi na kulegea mwili. Kila mtu alikuwa na dawa yake ya kusifu. Lind hakubishana na mtu. Aliwachukua wagonjwa 12 wenye hali moja, akawagawa wawili wawili, akawapa chakula sawa, lakini kila jozi dawa yake mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Leo tunajua sababu: miili yao ilikuwa imepungukiwa na vitamini C. Tunda liliponya kwa kuwa lilileta kile kilichokosekana.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Funzo la kwanza ni kuwa kirutubisho huponya pale palipo upungufu wake. Katika magonjwa ya mitokondria zipo namna chache zilizo hivyo: mtu ambaye mwili wake, kwa kosa la urithi, hauwezi kujitengenezea koenzaimu Q10, aweza kusaidiwa sana na vidonge vyake, hasa akivianza mapema, na zipo namna nyingine zisaidiwazo na vitamini B2. Kwa wagonjwa wengi waliosalia ushahidi ni haba. Mwaka 2012 wataalamu walichambua majaribio 12 yaliyostahili ya dawa na virutubisho vya magonjwa haya. Hawakuona ushahidi ulio wazi wa kupendekeza hata kimoja kwa wote. Kwa hiyo swali la kwanza la mume si, “Kidonge gani ni bora?” bali, “Mke wangu ana namna gani ya ugonjwa?” Jibu hupatikana kwa kupima urithi katika damu au katika kipande cha msuli, na aghalabu sampuli hutumwa ng'ambo. Kipimo hiki ni ghali. Walakini ni heri kulipia jibu moja kuliko kulipia makopo mia ya kubahatisha.

Funzo la pili ni kuwa dawa haipimwi kwa cheo cha aisifuye. Afrika Mashariki tumelipata funzo hili mara mbili, tena kwa uchungu. Mwaka 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua watu bila kizuizi, dawa iitwayo Kemron ilitangazwa Kenya kwa shangwe kubwa. Walioitangaza walikuwa watu wa elimu, wa taasisi ya utafiti wa tiba. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali hayakuthibitisha faida yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu, hata kutoka Kenya, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali. Dawa moja ilitoka katika maabara, nyingine katika chungu. Moja ilivaa koti jeupe, nyingine ilivaa sala. Lakini swali la Lind ni moja kwa zote mbili: walioitumia na wasioitumia, nani amepona?

Sasa sikia hoja ya upande wa pili, maana haki haimo katika kusikiliza upande mmoja. Yupo atakayesema: “Wahenga walinena kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mfa maji haachi kutapatapa. Wewe ni nani umnyang'anye tumaini? Tena, ugonjwa ulio adimu hauna majaribio mengi. Kukosa ushahidi wa faida si ushahidi wa kukosa faida.” Hoja hii ni nzito, wala haijibiwi kwa dharau. Ni kweli kwamba penye giza mtu hulazimika kupapasa. Madaktari wenyewe huwapa baadhi ya wagonjwa hawa virutubisho kwa kujaribu. Lakini anayepapasa kwa busara hupapasa kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika ukuta. Basi na ajaribu, lakini kwa shauri la daktari. Kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja, ili ajue kipi kimefanya nini. Kwa muda uliowekwa, mathalan miezi michache. Akiandika mwanzoni na mwishoni mgonjwa atembea hatua ngapi bila kupumzika. Na kwa fedha ambayo ikipotea nyumba haitaanguka. Jaribio lenye mpaka ni tumaini. Jaribio lisilo mpaka ni utumwa.

Nyumba kuanguka si maneno ya mapambo. Katika Kajiado ardhi nyingi imekatwa vipande na kuuzwa, na mauzo mengine chanzo chake ni maradhi. Mume yule ana kiwanja kimoja. Akikiuza kwa ajili ya vidonge, watu watamsifu kuwa ni mume kweli. Lakini mwaka ukiisha vidonge vimekwisha, kiwanja kimekwenda, karo ya watoto haipo, na ugonjwa upo pale pale. Je, alimpenda mkewe zaidi siku alipouza, au alitaka tu kuituliza dhamiri yake na kuyafunga macho ya watu? Pengine sadaka kubwa tuitoayo kwa mgonjwa huitoa hofu yetu, si yeye.

Kwa hiyo yatupasa kumwuliza mwenyewe. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Katika uji walisema kweli, maana uji ni chakula cha upole, na anayeuguza hupaswa kuuleta bila kungoja ombi. Lakini kiwanja si uji. Wala siku za kuishi si uji. Mwili ni wa mke, na watoto ni wake pia. Huenda akasema, “Tujaribu.” Huenda akasema, “Kiweke kiwanja, watoto wasome. Mimi nikalishe kivulini jioni tuzungumze.” Anayemficha mgonjwa habari na kumwamulia yote kwa jina la pendo amemfanya mtoto mdogo kabla maradhi hayajamfanya hivyo.

Usidhani kwamba palipokosekana dawa ya kuponya pamekosekana kazi ya kufanya. Moyo hupimwa mapema, na ukipiga vibaya hutiwa kifaa cha kuuongoza. Kisukari kikiingia hutibiwa. Masikio mazito hupewa chombo cha kusikilizia. Mazoezi ya kiasi, chini ya uangalizi, huongeza uwezo wa misuli. Tena mgonjwa hulindwa na dawa zinazoweza kumdhuru: valproeti, dawa ya kifafa, yaweza kuharibu ini la baadhi ya wagonjwa hawa hata kuwaua, na jentamaisini, dawa ya sindano itumikayo sana, yaweza kuua masikio ya mtu mwenye kosa fulani la urithi wa mitokondria. Mume aliyeandika majina haya katika karatasi, akaionyesha karatasi ile kila hospitali waingiayo, amefanya kazi ambayo hakuna kopo la shilingi elfu kumi liwezalo kuifanya. Na aliyejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa bima ya zamani ya hospitali tarehe 1 Oktoba 2024, akalipa mchango wake kwa wakati, amejiwekea akiba ya siku ya dharura.

Madeni ya mwenzi, basi, ni matatu: kutafuta, kupima, na kubaki. Asiyetafuta ni mvivu wa pendo. Atafutaye bila kupima ni mateka wa wauzaji. Lakini aliyetafuta na kupima, kisha akaondoka kwa kuwa dawa haikupatikana, ameonyesha kuwa alichokipenda ni afya ya mwenziwe, si mwenziwe. Deni la kubaki ndilo kubwa, nalo ndilo lisilouzwa dukani. Kumngoja anayetembea polepole, kurudia neno bila ghadhabu kwa asiyesikia, kumwacha apumzike bila kumwita mvivu: hizi ni dozi za kila siku, na hakuna jaribio lililowahi kuonyesha madhara yake.

Nawe kijana, siku utakapoletewa kopo na sifa zake, usicheke, wala usikimbilie mfuko wako. Uliza: nani amepimwa, kwa muda gani, na akilinganishwa na nani? Kisha mgeukie mgonjwa, umwulize atakalo. Akili bila huruma ni kisu kisicho mpini. Huruma bila akili ni mpini usio kisu. Anayeuguza anavihitaji vyote viwili, na mkono usiochoka upesi.