Mtoto, Keki na Kitabu cha Mapishi

Mama mmoja wa mji wa Iringa, mwalimu wa shule ya msingi na mzazi wa watoto watatu ambao mkubwa wao hajatimiza miaka saba, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mama huyo alipewa kitabu cha mapishi siku ya harusi yake, kitabu kilichopigwa chapa Ulaya. Kwa miaka mingi kililala kabatini. Mwaka huu ameazimu kuoka kila kitu kilichomo, tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho: mikate, keki, biskuti, yote. Kila Jumamosi huoka kimoja, na kikitoka vema hutia alama ya kalamu pembeni mwa ukurasa.

Jumamosi moja mtoto wake wa pili, mvulana wa miaka minne, alikuja kumsaidia. Akamimina kikombe kizima cha sukari juu ya unga uliokwisha kupimwa na kuchekechwa. Mama akamtoa nje, akafunga mlango, akapima unga upya. Mtoto akalia mlangoni mpaka keki ilipoiva. Keki ilitoka nzuri kabisa, na alama ikatiwa kitabuni. "Lakini, Padre," aliniambia, "nilipoikata sikuweza kuila. Je, nilikosa?"

Wako wasomaji watakaosema kwamba ukurasa huu una mambo makubwa zaidi ya kujadili: bei ya mbolea, ulevi wa vijana, mashamba yanayogombaniwa. Hatuyadharau hayo. Walakini wengi wetu hatutaulizwa kamwe shauri juu ya mambo ya serikali, hali karibu kila mzazi huulizwa na moyo wake swali la mama huyu, tena huulizwa akiwa amechoka, mikono yake imejaa unga, na jibu latakiwa mara moja.

Tuanze na kitabu, maana ndicho kinachotupiwa lawama upesi. Bibi zetu, husema watu, hawakuwa na vitabu, wala hawakufukuza watoto jikoni. Ni kweli, lakini bibi zetu hawakuoka keki. Mpishi wa mchuzi huonja, akaongeza chumvi, akatia maji, akapunguza moto. Kosa la mwanzo husahihishwa mwishoni. Mwokaji hana nafasi hiyo. Keki ikiisha kuingia katika joko, au sufuria ikiisha kufunikwa na makaa kutandazwa juu ya kifuniko kama wafanyavyo wengi wetu, shauri limekwisha. Hamira haipokei rushwa wala haisikii maneno matamu. Ndiyo sababu Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa mji wa Boston huko Marekani, alipotoa kitabu chake mwaka 1896, alishika sana neno moja: kikombe na kijiko vipimwe kwa kusawazishwa juu, visikadiriwe. Kabla yake ilikuwa kawaida kuandika "siagi kiasi cha yai" au "unga wa kutosha", maneno yanayomfaa yule tu anayejua kazi tayari. Kwa mwanamke aliye mbali na mama yake, asiye na jirani wa kumwonyesha, kipimo kile kilikuwa msaada mkubwa. Basi, mama wa Iringa hakuwa na upumbavu alipoogopa kikombe kile cha sukari. Aliijua kazi yake.

Hata hivyo kitabu husema na watu wote pamoja, wala hakimjui mtu hata mmoja. Hakijui kwamba Iringa iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,500. Hapo maji huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi za joto, wala hayangoji nyuzi 100 kama yale ya Dar es Salaam au London. Na kwa kuwa hewa ya milimani hukandamiza kidogo, mapovu yaliyomo ndani ya keki hufura upesi kupita kiasi. Keki hupanda kwa fahari, kisha hubonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Mama huyo alipoteza keki nne kabla ya kuelewa. Sasa hupunguza kitu cha kuumulia, huongeza maji kidogo, na pembeni mwa kurasa ameandika vipimo vyake mwenyewe kwa penseli. Nilipoziona penseli zile nilipata mwanzo wa jibu. Alikuwa amekubali kukipinda kitabu kwa ajili ya mlima. Kwa ajili ya mtoto hakukubali.

Wanafalsafa wa kale walitenga aina mbili za kazi, na tofauti yao ingali yatufaa. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, asema kwamba kutengeneza ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Anayetengeneza huangalia kitu kilicho nje yake: kiatu, nyumba, mkate. Kazi ni njema ikiwa kitu kile ni chema, hata kama fundi mwenyewe ni mtu mbaya. Katika kutenda, wema au ubaya humkaa mtendaji mwenyewe, na kumgusa yule anayetendewa. Kulea mtoto ni kutenda. Hakuna siku mtoto atakapotolewa katika joko, akawekwa mezani, tukasema amekwisha.

Kisha mwalimu huyo aongeza neno ambalo Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua miaka zaidi ya 1,500 baadaye, nalo kwa mara ya kwanza husikika kama mzaha. Katika ufundi, wasema, anayekosa kwa kusudi ni afadhali kuliko anayekosa bila kusudi. Mwokaji anayeiharibu keki hali akijua ni fundi bora kuliko yule anayeiharibu kwa kutojua, maana wa kwanza anao ufundi, ila safari hii hakuutumia. Lakini katika mambo ya haki na upendo ni kinyume chake: anayekosa kwa kusudi ndiye mbaya zaidi. Mwenye kumwumiza mtoto bila kujua tutamsamehe mapema kuliko mwenye kumwumiza akijua.

Tuyatie maneno hayo jikoni. Mama anayemwachia mtoto akoroge, hali akijua kwamba keki itakuwa nzito na tamu kupita kiasi, hapotezi hata chembe ya ufundi wake. Alama aliyonayo moyoni haifutiki, kwa sababu ajua angeweza. Bali anayemfungia mtoto mlango, hali akijua kwamba mtoto alikuja kwa upendo, hawezi kujitetea kwa uzuri wa keki. Nadhani ndiyo sababu hakuweza kuila.

Hapo ningeweza kunyamaza, na mahubiri yangekuwa yamekwisha. Lakini mwenye kuandika maneno haya hana mtoto wa kulea, na keki huletewa ikiwa imekwisha kukatwa. Yampasa kujihadhari asitoe hukumu rahisi. Mama mwenyewe aliniambia jambo lingine, nalo ni zito. Alisema: "Padre, kila kitu nifanyacho kwa siku nzima hutenguliwa kabla ya usiku. Naosha vyombo, vinachafuka. Nawavika nguo, wanazichafua. Nafagia, wanamwaga. Alama zile kitabuni ndizo pekee zinazokaa." Yeyote anayemwona mama wa namna hiyo kuwa mwenye majivuno hajakaa nyumbani na watoto wadogo kwa siku tatu mfululizo. Mtu ahitaji kuona kazi ya mikono yake imesimama. Seremala huiona kila jioni, mkulima huiona kila mavuno. Mzazi wa watoto wadogo hungoja miaka ishirini, na pengine hata hapo haoni.

Nilikumbuka habari za Isabella Beeton wa Uingereza, ambaye jina lake lilikuwa katika nyumba nyingi za Waingereza kwa zaidi ya miaka mia. Kitabu chake cha utunzaji wa nyumba, kilichotoka mwaka 1861, kina kurasa zaidi ya 1,000. Watu wengi hudhani mwandishi alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye wajukuu. La. Alikuwa na miaka 25 kilipotoka, na wala hakuwa mpishi hodari. Mapishi mengi aliyakusanya kwa watu wengine, na katika keki mojawapo ya mwanzo, aliyoiandika gazetini, alisahau kutaja mayai. Mtoto wake wa kwanza alifariki mwaka 1857, akiwa na miezi mitatu hivi. Wa pili alifariki mwishoni mwa mwaka 1862, akiwa na miaka mitatu. Yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Februari 1865, siku chache baada ya kumzaa wa nne, naye alikuwa na miaka 28. Mchuzi mmoja husemwa kuwa ni wake kweli, ule aliowapikia watoto maskini wa jirani katika baridi kali ya mwaka 1858. Siku hizo mtoto wake wa kwanza alikuwa amekwisha kuzikwa, na wa pili alikuwa bado hajazaliwa. Siwezi kusema ni nini kilichokuwa moyoni mwake alipoandika usiku na mchana juu ya namna ya kupanga nyumba. Lakini sithubutu kumwambia mwanamke yeyote kwamba kupenda kumaliza kitabu ni jambo dogo.

Tena tusisahau kwamba si kila mlango uliofungwa ni kosa. Moto ni moto. Mafuta yanayochemka hayaheshimu upendo wa mtoto. Ikiwa keki ni ya kuuza, na fedha yake ndiyo karo ya shule, basi mteja naye ana haki, na mtoto hana budi kungoja. Mtoto anayeachiwa kumimina atakacho popote atakapo hafundishwi upendo. Anafundishwa kwamba watu wengine wote ni watumishi wake, na mafundisho hayo yatawafikia walimu wake, kisha mke wake. Kungoja nako ni chakula cha mtoto, kikitolewa kwa kipimo.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Nilirudi kwa mama huyo baada ya majuma mawili, nikamwambia nionavyo. Hakukosa kwa kupenda keki nzuri, wala kwa kumtoa mtoto. Alikosa, kama ni kosa, kwa kutoamua mapema ni kazi gani aliyoishika siku ile. Jumamosi asubuhi alikuwa amewaambia watoto, "Leo tutaoka keki." Mtoto alisikia "tutaoka". Hakufanya uasi alipochukua kikombe. Aliitii sauti ya mama yake. Kama mama angesema, "Leo mama anaoka peke yake, kesho tutaoka pamoja," mlango uliofungwa ungalikuwa mlango tu. Alikaa kimya kidogo, akasema kwamba ndiyo, alisema "tutaoka", na kwamba huwa anasema hivyo kila mara bila kufikiri.

Kisha nikamwuliza swali ambalo labda lingalipaswa kuwa la kwanza: baba wa watoto alikuwa wapi? Alikuwa sebuleni, akisikiliza mpira wa miguu redioni, hatua sita kutoka mlango ule ambapo mtoto alikuwa akilia. Alikuwa amesikia kilio, akaongeza sauti ya redio. Naye pia alikula keki ile, na kwa habari nilizopewa aliisifu sana. Tumezoea kumhoji mama peke yake juu ya malezi, hata mama mwenyewe hujihoji peke yake, akija kuuliza kama amekosa, na mwenzake hajui kwamba kuna swali. Baba angeweza kumpakata mtoto kwa robo saa ya kupiga mayai. Angeweza hata kuchekecha unga, maana chekeche halina ugumu wowote kwa mwanamume. Nilisema hayo kwa sauti ya kutosha kusikika sebuleni.

Wanawake wetu wanayo desturi ya zamani, nayo haimo katika kitabu chochote nilichopata kukiona. Wakisukuma chapati, humega donge dogo wakampa mtoto. Mtoto hulikanda kwa mikono isiyooshwa sawasawa, hulidondosha, huliokota, mpaka linakuwa la rangi ya majivu. Donge hilo halitupwi. Linakaangwa pamoja na mengine, linawekwa juu ya sahani, na mmoja wa watu wazima hulila. Zamani binti mdogo alipewa mchi wake mdogo, akatwanga kando ya mama yake, ijapokuwa mahindi yake machache hayakumshibisha mtu. Mama wa Iringa aliyajua hayo tangu utoto wake. Hakufikiri tu kwamba yangeweza kuingia katika keki, kwa sababu keki ilikuja na kitabu, na kitabu hakikutaja mtoto.

Siku ile ya pili niliyomtembelea ilikuwa Jumamosi. Alichota unga wake akauweka pembeni, akampa mvulana bakuli la bati, vijiko viwili vya unga, sukari kidogo na kijiko. Mvulana alitaka yai. Akanyimwa. Akataka tena, akapewa la mwisho, akalivunja nusu ndani na nusu juu ya meza. Ukurasa wa juma lile ulikuwa wa keki ya limau. Ilibonyea upande mmoja, kwa kuwa mama alilazimika kufunua sufuria mapema ili keki ndogo ya mvulana ipate nafasi. Hakutia alama. Alisema ataioka tena Jumamosi ijayo, watoto wakiwa kwa bibi yao. Ile ndogo ilikuwa ngumu kama kigae, yenye vipande vya ganda la yai ndani yake. Baba yao aliila yote.