Deni kwa Panya Mzee Aliye Mgonjwa

Panya wa kufugwa, mzao wa panya wa kahawia wa mitaroni na majalalani, huishi miaka 2 hadi 3. Akipita mwaka mmoja na nusu huhesabiwa mzee, na magonjwa yake makubwa humjia katika kipande hicho cha mwisho cha umri. Jike hupata mara nyingi uvimbe wa matiti. Tezi za maziwa za panya zimetandaa kutoka shingoni hadi kwenye kinena, kwa hiyo uvimbe huo huweza kuota kwapani au karibu na mkia. Kwa kawaida si wa kusambaa mwilini, ila hukua upesi mpaka ukamzuia kutembea. Mapafu huliwa polepole na bakteria wa mikoplazma, ambao karibu kila panya wa kufugwa huwa nao tangu utotoni, na dawa huwapunguza makali bila kuwamaliza. Dume mzee hulegea miguu ya nyuma. Uvimbe wa tezi ya pituitari, chini ya ubongo, humpotezea mnyama uwezo wa kushika chakula kwa mikono ya mbele.

Mtu anadaiwa nini na kiumbe huyu anapofikia hali hiyo? Wanafalsafa na wanachuoni wa dini wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi wakitaja mbwa, farasi na punda. Panya hawamtaji ila kwa nadra. Kwake swali ni gumu zaidi. Mkulima aliyekuta magunia yake ya mahindi yametobolewa hana sababu ya kumpenda, na watu wa Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurejea mara nyingi baadaye, wanajua kwa misiba yao kwamba viroboto wa panya huua. Chuki hiyo ina msingi, na huruma inayojifanya haiioni haiwezi kumshawishi mtu. Hata hivyo chuki ni juu ya aina nzima. Mgonjwa ni mmoja, yumo ndani ya tundu, na hakuingia humo kwa hiari yake.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kwamba panya huumia. Hilo si dogo, kwa sababu mnyama anayewindwa na paka, bundi na nyoka huficha udhaifu wake mpaka ashindwe kabisa. Dalili ni za kutafutwa: uzito unaoshuka, manyoya yaliyosimama kwa kuwa hajisafishi tena, majimaji mekundu kando ya macho ambayo wengi huyadhania damu ilhali hutoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa panya: macho hufinywa, pua na mashavu husawazika, masikio hujikunja, sharubu hubadili mkao. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Chicago, ilionekana kwamba panya humfungulia mwenzake aliyebanwa ndani ya kifaa, hata pasipokuwa na malipo ya chakula. Sauti anayoitoa katika dhiki huwa ya mitetemo kama 22,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu hukomea karibu na 20,000. Mfugaji anaweza kukaa chumba kimoja na panya anayelia usiku kucha asisikie kitu. Ukimya wake basi si ushahidi wa raha, na anayeutegemea anajidanganya.

René Descartes, katika karne ya 17, aliwachukulia wanyama kuwa mitambo isiyo na roho yenye kufikiri, na wafuasi wake wakavichukulia vilio vyao kama milio ya mashine. Jeremy Bentham alijibu mwaka 1789 kwa hoja ambayo bado haijavunjwa: la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaweza kuteseka. Hoja ya Bentham inatosha kuonyesha kwamba mateso ya panya ni kitu cha kuhesabiwa. Haitoshi kuonyesha kwa nini mtu fulani awajibike kwa panya fulani, maana ulimwengu umejaa panya wanaougua na kufa bila mtu yeyote kulaumiwa.

Jawabu la sehemu hiyo linapatikana wazi zaidi katika hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hakuadhibiwa kwa kuwa paka alikuwa na cheo mbele ya watu. Kosa lake ni kumfungia asimpe chakula, wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Aliyeiziba njia ya mnyama ya kujitegemea ameyabeba mahitaji yake yote. Panya wa tundu hawezi kutafuta mahali pa joto anapotetemeka, wala kuhama palipo na harufu ya mkojo inayomchoma mapafu, wala kwenda kufa anakotaka. Mlango umeshikwa na mtu mwingine, na deni linaanzia hapo, awe mnyama huyo ni farasi wa mfalme au panya.

Immanuel Kant aliuweka msingi kwingine. Mbwa aliyetumika kwa uaminifu, alifundisha, anastahili kutunzwa na bwana wake hadi kufa pindi uzee unapomwondolea nguvu, kwa sababu anayemtupa mnyama wa namna hiyo anaiharibu huruma yake mwenyewe kwa binadamu. Kwa kipimo hicho panya buku Magawa anaeleweka bila shida. Alizaliwa Tanzania, akafunzwa na shirika la APOPO lililopo Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2016 kunusa mabomu ya ardhini. Alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, akastaafishwa mwaka uliofuata alipoanza kuwa mzito, na akafa Januari 2022 akiwa na miaka 8, baada ya siku chache za kulala zaidi na kupungukiwa hamu ya chakula. Kustaafu kwake kulikuwa haki yake. Lakini panya mdogo wa nyumbani hajategua bomu wala hajampatia mtu kipato. Akitegemea wema wa Kant, hana cha kuonyesha. Akitegemea hadithi ya paka, hahitaji kuonyesha kitu, na kwa sababu hiyo msingi huu wa pili ni bora: haumlazimishi dhaifu kuthibitisha faida yake kabla ya kuhurumiwa.

Deni hilo kwanza ni la tiba. Viuavijasumu hupunguza mkoromo wa mapafu, dawa za kutuliza maumivu humrudishia mnyama mwendo, na uvimbe wa titi ukikatwa mapema huweza kumpa miezi ya nafuu. Kipimo cha dawa hufuata uzito, na panya mzima mara nyingi ana gramu 250 hadi 500 tu, kwa hiyo kukadiria kwa macho ni hatari. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Thamani ya muda nayo ipimwe kwa umri wa mgonjwa. Kwa panya wa miaka 2, miezi 2 ni sehemu moja kati ya kumi na mbili za maisha yake yote, kiasi cha miaka 6 kwa mtu wa miaka 72. Anayesema haifai kuhangaika kwa ajili ya miezi miwili anatumia kalenda isiyo ya mgonjwa.

Gharama ni pingamizi la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inawataka waumini wawatendee wanyama kwa upole na kuwakataza kuwatesa bila sababu, lakini pia inasema haifai kuwatumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Katika nyumba ambayo mtoto anakosa ada, upasuaji wa panya hauwezi kuwa wajibu. Usafi, joto, chakula laini na dawa ya maumivu hugharimu kidogo, na upungufu wa fedha haumwondolei mtu hayo. Asiyemudu kuponya bado anadaiwa kutuliza.

Dawa zinapokoma kusaidia hubaki swali la kifo, na hapo dini hazisemi kwa sauti moja. Wajaini wa India hujenga makazi ya wanyama wazee na wagonjwa na kuwatunza mpaka wafe wenyewe. Mwaka 1928, katika ashram ya Sabarmati, Gandhi aliruhusu ndama aliyekuwa akiteseka bila tumaini la kupona achomwe sindano ya kumwua, akalaumiwa vikali na watu walioona ameivunja kanuni ya kutodhuru. Alitetea kwamba kuua kwa ajili ya anayeuawa, bila faida kwa muuaji, si dhuluma. Vitabu vya fiqhi vya Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Khalil bin Ishaq, mwanachuoni wa Maliki wa Misri katika karne ya 14, aliruhusu iwapo mnyama amekatiwa tamaa. Panya, kwa upande wake, yumo katika hadithi ya wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu ya hija, na mtu anaweza kudhani shauri limekwisha hapo. Halijaisha. Ruhusa hiyo imefungamana na madhara, na panya mgonjwa wa tundu hamdhuru mtu. Zaidi ya hayo, agizo la Mtume la kuua kwa wema, kwa kunoa kisu na kumpunguzia mnyama mateso, linahusu kila kinachouawa.

Hoja ya wanaokataza ina uzito ambao wapenda wanyama hawaupi haki yake: uhai hakuutoa mfugaji, na aliyezoea kuumaliza kwa jina la huruma anaweza kuumaliza kwa sababu amechoka kuuguza. Hata hivyo, katika mgonjwa huyu mizani inaelemea upande wa Gandhi na Khalil. Binadamu huvumilia maumivu kwa kuyapa maana, akingoja kupona, kuonana na mwanawe, au kukutana na Mola wake. Kwa kadiri inavyoweza kujulikana, panya hana maana ya aina hiyo ya kumshika; ana siku ya leo tu, na ikiwa leo yote ni kupigania pumzi, hakuna kinachoifidia. Kurefusha hali hiyo kwa sababu mfugaji hajawa tayari kuagana ni kumlipisha mnyama gharama ya majonzi ya mtu.

Kwa hiyo uamuzi husomwa kwake. Je, anakula chakula alichokipenda? Anajisafisha? Huinuka kuwafuata wenzake, au amejitenga pembeni na mgongo umekunjika? Siku mbaya zikizidi nzuri huku dawa imefika mwisho wake, wakati umefika. Namna inayokubalika ni ya daktari: nusukaputi kwanza mpaka fahamu itoke, kisha sindano. Kuzamisha majini, kugandisha na sumu ya dukani ni mateso, na wingi wa wanaozitumia dhidi ya panya wa ghalani hauzihalalishi.

Kisha hubaki wenzake. Panya ni mnyama wa kundi, na aliyeishi na mwenziwe miaka miwili huweza kuzubaa na kususa chakula. Wafugaji wengi humwachia mwili kwa muda aunuse, isipokuwa pale penye hofu ya ugonjwa wa kuambukiza. Baadaye huletewa wenzi wapya, kwa kukutanishwa kidogo kidogo mahali ambapo hakuna aliyepazoea. Mfugaji asiyetaka kuendelea humtafutia yule wa mwisho nyumba yenye panya wengine.