JE, KIJANA WETU ASOMEE KODI?



Kila tarehe 21 Septemba Kanisa hufanya sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, Mtume na Mwinjilisti. Twaimba, twasikia Injili yake, kisha twarudi nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Bwana alimkuta mtu huyo kazini, ameketi mahali pa kutozea ushuru. Safari hii jambo hilo limetujia mlangoni.

Kijana mmoja wa mtaa wetu amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na ameomba nafasi katika Chuo cha Kodi kilichoko Dar es Salaam. Mama yake amefurahi. Babu yake, mzee wa kanisa, tena mkulima wa korosho tangu ujana wake, amekataa. Alisema mbele yetu baada ya Misa, "Mjukuu wangu, sikukulea ili ule jasho la wenzako." Kijana akajibu kwa heshima, "Babu, kama watu wema wataikimbia kazi hii, itabaki mikononi mwa nani?" Kisha wote wawili wakanitazama mimi. Siku ile sikuwa na jibu. Nimelifikiri jambo hili, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, tusimcheke mzee. Chuki yake ina historia. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kufanyishwa kazi. Kodi ile, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Vita vile vilipita katika nchi yetu hii, vikafika Masasi, na kituo cha Misheni ya UMCA, kilichoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kikateketezwa. Wakaja Waingereza na kodi yao ya nyumba na ya kichwa. Hata baada ya uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo haikufutwa mpaka mwaka 2003. Wengi wenu mnakumbuka jinsi wanaume walivyokimbilia porini mgambo walipokuja kuwasaka. Mtu aliyewahi kulala msituni kwa kukosa fedha ya kodi hawezi kulisikia neno hilo kama alisikiavyo kijana wa leo.

Pili, tufungue Maandiko. Watoza ushuru wa siku za Bwana wetu walichukiwa kwa sababu ya haki. Haki ya kukusanya iliuzwa kwa mwenye kutoa fedha nyingi, naye akajilipa kwa kuwakamua watu. Jambo hilo si geni pwani yetu. Katika karne ya 19 Sultani wa Unguja aliikodisha forodha yake kwa wafanyabiashara, kama Jairam Shivji. Hao walimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, na kilichozidi kikawa chao. Mtu akiwekwa katika mpango wa namna hiyo, kila anachomwonea mnyonge ni faida yake mwenyewe.

Sasa angalieni. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini (Luka mlango wa 3), hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi walichoamriwa. Mathayo aliacha vyote akamfuata Bwana, maana aliitiwa kazi nyingine. Lakini Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hatusomi popote kwamba aliacha kazi. Twasoma kwamba aliahidi kurudisha mara nne kila alichonyang'anya kwa hila, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Bwana akala nyumbani mwake. Basi Injili haituambii kwamba kazi hii ni najisi. Yatuambia kwamba ni ya hatari, na kwamba mtu aweza kuokoka ndani yake.

Tatu, tuulize fedha yenyewe ni ya nini. Kijana huyu amesoma kidato cha kwanza mpaka cha nne bila ada, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2016, na cha tano na cha sita bila ada, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2022. Nani alilipa? Alilipa mwenye duka wa Ruangwa, mnunuzi wa saruji wa Mwanza, na mtumishi aliyekatwa mshahara wake huko Tanga, watu ambao babu hatawajua kamwe. Kwa hiyo si kweli kwamba kijana ataanza kula jasho la wenzake siku atakapoajiriwa. Amekwisha kulila miaka yote hiyo, na sisi pamoja naye, kila tunapokwenda zahanati au kupita barabarani. Swali lililobaki ni kama jasho hilo litakusanywa kwa haki na kutumiwa kwa haki.

Na juu ya kutumiwa, sisi watu wa Nachingwea tuna ushahidi wetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuvunjika, na zaidi ya paundi milioni 36 zilikuwa zimepotea. Baadaye hata reli iking'olewa. Fedha ile ilikuwa kodi ya watu wa Uingereza, wenye viwanda na wafanya kazi wao, waliokuwa bado wakila kwa mgawo baada ya vita. Nao pia walikuwa maskini walioonewa, ingawa hawakumwona aliyewaonea. Kuitapanya kodi ni dhambi sawasawa na kuikwepa.

Nne, tuitazame kazi yenyewe, maana wengi tunaishutumu bila kuijua. Tangu Mamlaka ya Mapato ilipoanza kazi Julai 1996, mtu aliyesomea kodi aweza kuwa ofisa wa serikali, au aweza kuwa mshauri anayewasaidia wafanyabiashara. Nitatoa mfano mmoja. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hakutozwa kodi ya mapato. Aliyeuza kati ya milioni 4 na milioni 7, kama hakuwa na kumbukumbu za mauzo, alitozwa shilingi 100,000. Kama alikuwa nazo, alitozwa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4. Basi mama aliyeuza bidhaa za milioni 5 bila daftari alilipa 100,000. Mwenzake aliyeuza kiasi hicho hicho, lakini akaandika, alilipa 30,000. Tofauti ya shilingi 70,000 ni sare na viatu vya watoto. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisa au mshauri akimketisha mama huyo na kumfundisha kuandika, je, amekula jasho lake? La, amemrudishia.

Tena, sheria ya mwaka 2015 inampa mtu aliyekadiriwa kodi asiyoridhika nayo siku 30 za kuweka pingamizi. Ni wangapi kwetu wanaojua? Mwenye mali nyingi ana mtu wa kumwambia. Mnyonge hupokea barua, huogopa, hufunga duka. Hapo ndipo elimu ya kijana wetu ingekuwa sadaka.

Lakini nisiseme mema tu. Kazi hii ina mashimo matatu.

Shimo la kwanza ni rushwa. Twajua wote msemo wa mkono mtupu haulambwi. Mfanyabiashara anadaiwa milioni 3. Ofisa anamnong'oneza alipe milioni 1, na laki 3 zipite chini ya meza. Wote wawili huondoka wakicheka, na anayelia ni mgonjwa asiyekuwapo pale. Ndiyo maana rushwa hii hudanganya dhamiri kwa urahisi. Aliyeibiwa hana sura.

Shimo la pili ni la mshauri. Kumwonyesha mtu unafuu uliowekwa na sheria ni halali. Kumfundisha kuandika daftari mbili, moja ya kweli na moja ya kuonyesha, ni uwongo na wizi. Hayo mawili yako wazi. Katikati pana njia ambazo sheria haikuzikataza kwa maneno, lakini aliyezitunga angeona haya kuzieleza mbele ya jirani zake. Nadhani Mkristo apime hivi: je, ningeweza kumweleza jambo hili mama wa daftari, yeye aliyelipa 30,000 zake, bila kuinamisha macho?

Shimo la tatu ni gumu kuliko yote, nalo ni undugu. Siku moja atapangiwa kazi karibu na nyumbani, na daftari itakayofunguliwa mbele yake itakuwa ya mjomba wake, yule aliyemlipia nauli ya kwenda shule. Akimsamehe, amewaibia wengine. Akimtoza, ataambiwa hana utu. Hapa sina dawa nyepesi. Nasema tu kwamba yafaa amwambie mkubwa wake wa kazi mapema, faili la mjomba lishikwe na mwingine, kisha siku mjomba atakapopungukiwa amsaidie kwa fedha ya mfukoni mwake mwenyewe. Kutoa kilicho chako ni ukarimu. Kutoa kilicho cha wote si ukarimu, hata kama atakayepokea ni damu yako.

Na sheria ikiwa yenyewe yamwelemea maskini? Hilo nalo hutokea. Ushuru wa mazao, kwa mfano, ulikuwa asilimia 5, na wakulima walilalamika miaka mingi kabla haujapunguzwa mwaka 2017. Ofisa hana ruhusa ya kuibadili sheria mezani pake, maana akianza hivyo leo kwa huruma, kesho ataibadili kwa hongo. Lakini ana kinywa na ana kalamu. Yeye ndiye aonaye kwa macho yake mahali kiatu kinapobana, na asipowaandikia wakubwa wake, ukimya wake ni sehemu ya uonevu.

Basi naurudia ugomvi wa babu na mjukuu. Nasema kijana aende. Lakini namwomba babu asiiondoe hofu yake. Amkabidhi mjukuu wake kama urithi, amsimulie habari za msituni na za mgambo, ili siku atakapoketi nyuma ya meza ajue kwamba mtu aliyesimama mbele yake huenda ana baba aliyelala porini. Ofisa asiyekuwa na kumbukumbu hiyo ni hatari, hata akiwa mwaminifu wa fedha.

Nasi tuliobaki tusijifanye Mafarisayo. Tunaponunua bati na kuambiwa bei mbili, moja ya risiti na moja isiyo na risiti, tunachagua ipi? Mweka hazina wetu akisoma hesabu za sadaka, ni wangapi wanaosikiliza? Hatuwezi kudai mtoza ushuru mtakatifu huku sisi wenyewe tukipenda mlipaji mjanja.

Kijana atakapoondoka, tumwombee madhabahuni kama tunavyomwombea anayekwenda seminari. Na akirudi likizo amevaa vizuri, tusimwulize amepata nini. Tumwulize kama bado analala usingizi.

Mtakatifu Mathayo atuombee. Amina.