Nyarubanja Ndani ya Kompyuta

Katika steshenari na vibanda vya mafundi, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, kazi hii inaitwa kupiga Windows. Mteja analeta kompyuta ya mtumba iliyoanza kujizimazima. Fundi anachomeka flashi, anafuta kilichokuwemo, anaweka mfumo upya, kisha anaendesha kiprogramu kidogo kinachoifanya mashine iamini kwamba leseni imelipiwa. Mteja analipa ufundi, anashukuru, anaondoka. Windows yenyewe haijalipiwa na mtu, na kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Swali huja pale kompyuta inapokuwa ya parokia, ya usharika au ya madrasa. Je, tangazo la ndoa lililochapwa kwa programu iliyovunjwa kufuli lina doa? Wakatoliki na Walutheri wa Kagera, pamoja na tofauti zao zote, wanaihesabu amri ya kutokuiba kuwa ya saba (kwa Waanglikana na Wapentekoste ni ya nane). Kwa hiyo namba ya kosa, angalau kwa hao wawili, haibishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama kosa lenyewe lipo.

Mafundi wana utetezi wao, na si utetezi wa kipuuzi. Aliyeibiwa hana tena kitu chake. Aliyenakiliwa bado anacho. Mwenye Windows huko Marekani hajapungukiwa hata chembe kwa sababu mwalimu mmoja wa Kanazi ameandaa mtihani wa muhula kwa nakala isiyolipiwa. Bill Gates alilijibu jambo hili mapema sana, Februari 1976, akiwa kijana wa miaka 20, alipowaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakiliana programu yake ya BASIC. Hoja yake ilikuwa ya mfanyakazi: kama hakuna anayelipa, nani atakaa miezi mingi akiandika programu nzuri na kuisafisha makosa? Katika jambo hili sheria zimemfuata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Kwa upande wa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni mali inayotambuliwa na sharia, na kuzivamia hakuruhusiwi.

Umebaki utetezi wa mwisho, nao ni wa Thomas wa Akwino. Mtakatifu huyo wa karne ya 13 alifundisha kwamba mtu aliyefikwa na dhiki kali, asiye na njia nyingine, akichukua cha mwenzake ili ajiokoe hahesabiwi mwizi, kwa kuwa mali za dunia ziliumbwa kwa ajili ya wote. Microsoft inauza Windows 11 ya nyumbani kwa dola 139 za Marekani, na kwa kijana anayeishi kwa kuuza ndizi na kahawa ya baba yake hiyo ni dhiki ya kweli. Ila fundisho hilo lote limesimama juu ya maneno yale, "asiye na njia nyingine". Tangu Oktoba 2004, toleo la kwanza la Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) lilipotoka, njia nyingine ipo: halali, haina bei, na mtu wa kawaida anaimudu. Linux ilikuwepo kabla ya hapo, lakini kuisakinisha kulikuwa kazi ya wenye subira ya ajabu. Uwepo wa Ubuntu umewanyima mafundi wetu kisingizio bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Labda ndiyo maana hawaipendi sana.

Hata hivyo, wizi ndilo swali dogo. Kubwa liko Kanazi kwenyewe.

Huko, kusini mwa mji wa Bukoba, pana jumba ambalo Wajerumani walimjengea Mukama (mfalme) Kahigi wa Kihanja, mshirika wao mkubwa katika Buhaya. Kuta zinaonekana. Kisichoonekana ni mfumo wa ardhi uliozunguka ikulu za namna hiyo, yaani nyarubanja. Mukama alikuwa akimgawia ndugu au mtumishi wake eneo lenye vibanja vya watu ndani yake, na kuanzia siku hiyo waliokuwa wakiishi humo wakawa watwarwa wa bwana huyo. Mtwarwa alipanda migomba, akaipalilia, akatandaza nyasi, akamzika baba yake hapo hapo kibanjani kama Wahaya wafanyavyo. Lakini alipeleka lubisi (pombe ya ndizi) na mazao kwa bwana, akamfanyia kazi, na zao la kahawa liliposhika kasi bwana naye akataka sehemu yake. Akikosana na bwana, alijua kibanja kinaweza kumponyoka. Mfumo huo ulidumu chini ya Wajerumani, ukadumu chini ya Waingereza, hadi sheria ya mwaka 1965 ilipomfanya mtwarwa kuwa mwenye kibanja chake.

Sasa fungua mkataba wa Windows, ule ambao karibu kila mtu anaukubali bila kuusoma. Unasema waziwazi kwamba programu hiyo haiuzwi. Mtu anapewa leseni ya kuitumia. Kompyuta ni yako, umeilipia, umeibeba kwenye basi kutoka Mwanza. Kinachoiendesha si chako. Huruhusiwi kukifungua uone kilivyofumwa, wala kukibadilisha, wala kumpa jirani. Mwenye nacho anaamua lini kitatunzwa na lini kitaachwa: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba, kwa kukosa kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 au kwa uzee wa prosesa, hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Mashine ni nzima; kilichobadilika ni kalenda ya bwana tu.

Anayedhani huku ni kutia chumvi aikumbuke Julai 2009. Amazon iligundua kwamba nakala za vitabu viwili vya George Orwell ilizokuwa imewauzia wasomaji wa Kindle hazikuwa na haki stahiki, ikazifuta kwa mbali ndani ya vifaa vya watu, ikawarudishia fedha zao. Kimoja kati ya hivyo viwili, jamani, ni 1984, riwaya ya serikali inayofuta maandishi. Na kwa mfano wa karibu zaidi zipo simu za mkopo: ukichelewesha rejesho, kioo kinajifunga kikionyesha deni tu. Hapo mtwarwa wa zamani angejisikia nyumbani kabisa. Tofauti ni kwamba deni la simu lina siku ya mwisho, leseni haina.

Ukilitazama hivyo, aliyekraki Windows hajajikomboa. Ni mtwarwa anayemkwepa mkusanya kodi. Bado anaishi kwenye ardhi ya bwana na kwa taratibu za bwana, isipokuwa yeye anaogopa hata masasisho, kwa hofu kwamba ujanja wake utagunduliwa, na ndani ya kile kiprogramu cha kuvunja kufuli huenda amemkaribisha mgeni asiyemjua. Dhambi yake ni ndogo kuliko hasara yake.

Ukombozi wa aina ile ya 1965 ulianza kuwaziwa kwa sababu ya printa. Katika maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Akanyimwa msimbo. Tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuuendesha, kuusoma na kuubadilisha, kuunakili, na kuugawa baada ya kuubadilisha. Stallman haamini Mungu. Katika mihadhara yake hujivisha joho na kuweka diski kuukuu kichwani mithili ya taji la nuru, akijiita Mtakatifu IGNUcius. Lakini alipoeleza sababu zake katika ilani ya mwaka 1985 hakutaja bei. Alitaja Kanuni ya Dhahabu, ile ya kumtendea mwenzako unavyotaka kutendewa: kama programu inamfaa, anawajibika kuwashirikisha wengine wanaoipenda. Hiyo ni hoja ya kidini inayotolewa na mtu asiye na dini, na mapadre wanaoidharau Linux kama mchezo wa vijana wangefanya vizuri kuisikiliza.

Mwaka 1991 una mkutano wa ajabu wa mawazo. Tarehe 1 Mei Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wa Centesimus Annus, akaandika humo kwamba zama hizi umiliki wa maarifa na teknolojia umekuwa na uzito usiopungua ule wa ardhi, na kwamba utajiri wa nchi zilizoendelea umejengwa juu ya huo zaidi kuliko maliasili. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya Stallman, GPL. Papa alilitaja tatizo, na kijana asiyekuwa na habari naye akachangia dawa.

Mwalimu Nyerere alikuwa amefika jirani na hapo mapema zaidi. Katika andiko lake la Mali ya Taifa, mwaka 1958, alishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote; mtu anamiliki jasho alilolimwaga juu yake, si ardhi yenyewe. Weka msimbo mahali pa ardhi, utapata karibu GPL nzima: jasho lako linatambuliwa, unaweza hata kuliuza, ila huwezi kumfungia mwingine mlango. Na kuuza kunawezekana kweli. IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat, kampuni iliyokua kwa huduma za Linux, mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Kwa hiyo swali la Gates kuhusu ujira lilipata jibu ambalo yeye hakulitarajia.

Kuisakinisha Linux kunachukua jioni moja ikiwa bando linatosha. Faili la Linux Mint linakaribia gigabaiti 3. Linapomaliza kushuka, waangalifu hawaliandiki kwenye flashi papo hapo. Kwanza wanapiga hesabu yake ya sha256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na kuulinganisha na ule uliochapishwa na watengenezaji. Ikitofautiana herufi moja tu, faili limeharibika njiani au limechezewa. Huhitajiki kumwamini fundi, wala kampuni, wala padre, unahakiki mwenyewe. Kisha flashi inachomekwa, kompyuta inawashwa kwa kubonyeza F12 au Esc kulingana na aina, na mfumo unaamka wote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mtu anaweza kuujaribu kwa siku kadhaa: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa ya ofisi inaitika?

Ndipo unakuja ukurasa unaowatisha wengi, wenye chaguo la kufuta diski yote na chaguo la kuisakinisha Linux kando ya Windows. Asiyenakili picha za harusi na barua za kikao pembeni asiguse kitu hapo. Na kama betri ya kompyuta imekufa, achague saa ambazo umeme hauna mazoea ya kukatika, maana diski iliyoachwa katikati ya kugawanywa haijali nia njema ya mtu.

Asubuhi yake matatizo ni ya kawaida. Programu fulani ya uhasibu inagoma. Barua ya Word kutoka wilayani inafunguka mistari ikiwa imehama. Mwenye kibanja chake hupalilia mwenyewe, na wapo wanaorudi kwa fundi baada ya wiki moja, wala hawastahili kuhubiriwa.

Tena Linux si kinga peke yake. Simu za Android zilizojaa mifukoni mwa abiria wa Kemondo zinaendeshwa na kiini cha Linux, kile kile cha Torvalds, na nyingi zimefungwa ili mwenye simu asiweze kuubadilisha mfumo. Hata zile za mkopo zinazojifunga. Programu huria imeingia ndani ya kifaa, na aliyekishika amebaki mtwarwa. Leseni inaufungua msimbo. Haimfungui mtu moja kwa moja.

Buhaya ilikuwa na ardhi ya aina nyingine, rweya, mbuga za nyasi baina ya vijiji. Hazikuwa na bwana wa kutoza. Wanakijiji walikata humo nyasi za kutandaza migombani, wakachunga ng'ombe, wanawake wakalima misiri (vishamba) yao ya njugu mawe. Leo sehemu kubwa ya rweya ina misonobari na mikaratusi yenye wenyewe. GPL iliandikwa kuzuia uporaji wa namna hiyo, na kwa sehemu imefaulu. Kisichoweza kuandikwa kwenye leseni ni nani atapalilia. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea, aliyechoka; mwingine aliyejitokeza "kumsaidia" kwa zaidi ya miaka miwili ndiye aliyeupenyeza mlango huo. Dunia nzima ilikuwa ikivuna pale bila kuuliza hali ya mtunzaji.

Hapa ndipo swali la dini linaporudi likiwa limegeuka. Anayepokea bila kulipa, na bila kuiba, anadaiwa nini? Afrika Mashariki imewahi kujibu kwa vitendo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kuomba kibali cha kampuni yoyote. Microsoft nayo ilikuja na Kiswahili chake baadaye. Lakini tafsiri ya programu haimaliziki, kwa kuwa kila toleo huja na vifungu vipya. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hupokea tafsiri kupitia Weblate: mtu anafungua akaunti, anachagua Kiswahili, anaandika kifungu kimoja baada ya kingine. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yoyote kati ya Kanazi na Muleba anaiweza kazi hiyo bila kujua mstari hata mmoja wa msimbo.